Magimbi Yanalala Karibu na Hita

Kwetu Lushoto gimbi halihifadhiwi. Linakaa bondeni kando ya mfereji, na siku ukilihitaji unabeba jembe unakwenda kulichimba. Muhogo nao hivyohivyo. Udongo ndio ghala. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Nililikuta, kama nilivyolikuta jiwe la kunolea visu nyuma ya jiko la mama.

Basi mwaka 2016, tulipohamia nyumba yenye kiwanja kidogo nyuma, huku Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nikapanda maua kwa akili hiyohiyo. Nilinunua viazi sita vya dalia, tunguu kumi za gladioli na kipande kimoja cha kanna. Vyote vilikubali. Agosti nzima meza yetu haikukosa maua, na majirani, Waliberia upande huu na Wakenya upande ule, walikuwa wakisimama kwenye uzio kuuliza nimeyatoa wapi. Nikavimba kichwa. Oktoba baridi ilipoanza nikakata mashina, nikatandaza majani makavu juu, nikawaambia watoto kwamba maua yamelala na yataamka yenyewe.

Mwezi wa tano nikachomeka koleo pale ilipokuwa dalia nyekundu. Kilichopanda na koleo kilikuwa kama uji wa ulezi uliolala siku tatu, na harufu yake ilinirudisha nyuma hatua mbili. Ngozi ya kiazi ilikuwepo, nzima kabisa, lakini ndani hamna kitu. Nilichimba vyote sita nikidhani labda kimoja kitanionea huruma. Wapi!

Huku wajenzi huchimba msingi wa nyumba kupita mita moja kwenda chini, kwa sababu majira ya baridi udongo unaweza kuganda mpaka huko. Kiazi cha dalia kinakaa sentimita 10 au 15 tu chini ya uso wa ardhi. Kimejaa maji, na maji yakiganda yanatanuka, yanapasua kila kitu kilichoyashika. Barafu inapoyeyuka kinabaki kifuko cha uji. Majani yangu makavu juu yake yalikuwa sawa na kumfunika mtu kanga moja akalale nje kwenye theluji.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wiki hiyohiyo, upande wa pili wa barabara, tulipu za mzee mmoja zilikuwa zimechanua bila aibu. Hazikung'olewa, hazikufunikwa, zilikaa ardhini miezi yote ya baridi. Nilivuka barabara kwenda kumuuliza. Ni mzee ambaye babu zake walitoka Norwei, kama wazee wengi wa jimbo hili, na ana tabia ya kunyamaza kwanza kabla ya kujibu hata salamu. Akanyamaza. Kisha akaniambia tulipu kwao ni milima ya Asia ya Kati, baridi wameizoea, tena wasipoipata hawachanui vizuri. "Dalia ni mgeni hapa," akasema, "kama wewe." Akacheka. Mimi siku ile sikucheka.

Lakini neno lake lilinikaa, nikaanza kuuliza kila ua kwao ni wapi. Dalia kwao ni nyanda za juu za Meksiko, na tangu 1963 ndiyo ua la taifa huko. Gladioli nyingi ni za Afrika, hasa kusini, na ipo moja ya rangi ya chungwa inayojiotea porini hata Tanzania. Nimeipita mara ngapi nikienda shule, nisijue kwamba ukoo wake unauzwa kwa mifuko huko mbele. Haya yote yanalala, ndiyo. Ila usingizi wake wa asili ni wa kiangazi. Mvua zinakatika, majani yanakauka, kiazi au tunguu inangoja chini kwenye udongo mkavu mpaka mvua zirudi. Hayajui kitu kinaitwa theluji. Kwa hiyo mtu wa huku anayetaka kuyaona tena mwaka ujao kazi yake ni moja: ayatengenezee kiangazi cha bandia ndani ya nyumba kwa miezi saba, huku nje kila kitu ni mwamba.

Kuelewa ni kitu kimoja, kufanya ni kingine.

Mwaka 2017 niling'oa kila kitu mapema, nikaosha viazi vikang'aa kama vya kupeleka sokoni, nikavitia kwenye mifuko ya rambo (enzi hizo hata nyumbani ilikuwa haijapigwa marufuku), nikafunga fundo, nikavipanga besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Desemba nilipofungua, mfuko ulikuwa umetoka jasho kwa ndani na viazi vimeota manyoya ya kijivu. Nilivifungia na maji yao. Mwaka 2018 nikajifanya nimeerevuka: nikavianika wazi, kwenye trei, karibu na hita kubwa inayopasha joto nyumba nzima, vikauke vizuri. Vilikauka kweli. Machi nilipovichukua mkononi viligongana vikalia kama makopa. Mume wangu akauliza kama tuvitwange.

Hapo ndipo nilipovuka barabara mara ya pili, safari hii bila hasira, na mzee akanishusha besimenti kwake. Nilitegemea kuona vifaa. Nikakuta maboksi ya kadibodi, maranda ya mbao yale yanayouzwa kwa ajili ya vizimba vya sungura, na kipimajoto cha bei rahisi kimeninginia kwenye msumari. Basi. Alichonacho yeye na mimi sikuwa nacho ni daftari, na mazoea ya kushuka kila mwanzo wa mwezi, kufungua kila boksi, na kuingiza mkono ndani. Kiazi kilicholainika na kunuka kinatolewa. Chenye doa kinakatwa doa, kinaachwa kidonda kikauke. Kilichoanza kukunjamana kama uso wa bibi kinarushiwa maji kidogo, maji ya kunyunyiza tu, yale ya kupigia pasi. Kiazi kizuri, ukikibonyeza, kinakuwa kama karoti iliyokaa siku chache kwenye friji: kinakubali kidogo, lakini kina nguvu.

Kila ua lina joto lake la kulalia, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, maana kwenye pakiti wameandikiwa tu "hifadhi mahali pakavu". Dalia inataka nyuzi 4 hadi 8 hivi za Selsiasi. Gladioli inavumilia baridi zaidi, 2 hadi 5. Kanna juu kidogo ya dalia, 7 hadi 10. Kaladiamu, yale majani ya waridi na kijani yanayopendwa vibarazani, ukiyaweka kwenye baridi ya dalia yameisha. Yanataka 15 na zaidi, yaani joto la chumba. Siku moja nilimwelezea mama mambo haya kwenye simu, nikasahau nikamtajia kwa hesabu ya huku, ya Farenhaiti: "Dalia nimeziweka kwenye digrii arobaini." Akashtuka. "Arobaini! Si zitaiva?"

Januari nzima nilitembea besimenti na kipimajoto mkononi, nikikiacha usiku kucha kila pembe. Nyumba ile ile, sakafu ile ile, lakini kwenye ukuta wa kaskazini ulioguswa na udongo kilisoma 6, chini ya ngazi 11, na hatua tatu kutoka kwenye hita 19. Nikawa na baridi ya Lushoto na joto la Tanga mjini chini ya nyumba moja. Dalia zikaenda ukutani, kanna chini ya ngazi, kaladiamu juu ya rafu karibu na hita. Gladioli sina pahala pa kuzifaa kabisa, nazibana pembeni kabisa ya dirisha la chini ndani ya mifuko ya wavu ya vitunguu, na mpaka sasa hazijanilalamikia.

Gladioli ndizo rahisi kuliko zote, na nashangaa hazisifiwi. Zina koti lake, nyuzinyuzi kama la kitunguu, halafu zinajizalisha zenyewe: unapong'oa unakuta tunguu mpya imekaa juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani imenyauka chini yake kama biskuti kuukuu. Unakausha wiki mbili tatu mahali penye hewa na joto, kisha unaibandua ya zamani kwa kidole gumba. Inatoka kwa mlio mmoja, tak. Watoto wangu wanapigania kazi hiyo. Pembeni kuna vitoto vidogo kama choroko. Ukiwa na subira ya miaka miwili mitatu navyo vitatoa maua. Mimi sina.

Dalia ndiyo yenye visa. Sakitu, umande ulioganda, ile ambayo watu wa Makete na Njombe wanaijua, ikipiga usiku mmoja tu majani yote yanakuwa meusi asubuhi kama yamemwagiwa maji ya moto. Mara ya kwanza nililia. Siku hizi ndiyo ishara ninayoingojea. Unakata shina ubakize kiganja kimoja, unaviacha viazi ardhini wiki moja au zaidi, macho ya mwakani yajitokeze vizuri, lakini kabla udongo haujaanza kuganda. Halafu unachimba kwa uma, si kwa koleo, ukianzia mbali, hatua moja kutoka kwenye shina, unazunguka pande zote ukilegeza. Usivute shina hata siku moja. Kiazi cha dalia kina shingo nyembamba inayokiunganisha na kitovu, pale shina linapoanzia, na shingo ikivunjika, hata kama ngozi bado inashikilia, kiazi kile ni cha kutupa.

Hilo la kitovu lilinichukua muda kulikubali. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima. Unakikata popote penye jicho, unapanda, kinaota. Kiazi kitamu nacho, kisahau tu jikoni uone. Dalia sivyo. Kile kiazi ni mzizi ulionenepa, ni akiba ya chakula na maji tu, na macho yote yako juu, pale shingo inapokutana na shina la zamani. Ukitenganisha viazi vizuri, vinene, bila kuondoka na kipande cha kitovu chenye jicho, utapanda mwezi wa tano na mwezi wa tisa utakifukua kikiwa vilevile kizuri, kinene, na hakijaota hata unywele. Nimefanya hivyo. Niliwagawia na rafiki zangu wa kanisani, na wao kwa adabu zao hawakuniambia kitu mpaka mimi nilipouliza.

Sasa nagawanya mwezi wa kumi na moja, jikoni, na taa ya kichwani kama mchimba madini wa Mererani. Fungu moja linatoka na viazi nane, kumi, vimeshikana kama vidole vya tangawizi vilivyogombana. Naliosha kwenye beseni. Nageuza polepole chini ya taa nikitafuta macho: kivimbe kidogo kama kipele cha mbu, wakati mwingine cha waridi, wakati mwingine hakina rangi kabisa na lazima upitishe ncha ya kidole. Nikikosa jicho, fungu zima linarudi kwenye maranda mpaka Machi, likianza kuchipua lenyewe litanionyesha. Nikiliona, nakata kwa kisu nilichokipangusa kwa spiriti, napita katikati ya kitovu, kila kiazi kiondoke na jicho lake. Vidonda vinakauka siku moja mbili juu ya gazeti. Kisha naandika jina juu ya ngozi ya kiazi chenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. Karatasi zilinisaliti mwaka 2019: wino ulichuja, nikapanda ukuta mzima wa dalia nyeupe ambao katikati yake ikachipuka moja ya zambarau, mrefu kuliko zote, imesimama kama mgeni aliyekosea harusi.

Siku hizi watu wengi wanavifunga viazi kimoja kimoja kwenye karatasi ya nailoni ya kufungia chakula, kama sambusa za kwenye friza. Mimi niliyeozesha boksi zima kwa rambo nilikataa kusikia. Mwisho nikajaribu kumi, vikiwa vimekauka juu kabisa. Tisa vilifika Mei. Basi si nailoni iliyoniua mwaka ule. Ni maji niliyoyafungia ndani. Bado napenda maranda, lakini ni mapenzi tu.

Kupanda kwenyewe sina mengi. Kuna haraka inayowashika watu huku siku ya kwanza ya jua, na maduka yanaichochea. Mimi nachomeka kipimajoto cha nyama kwenye udongo. Kikisoma chini ya 15 narudi ndani. Mara nyingi inaangukia mwisho wa Mei. Mti wa kuegemeza dalia nauchimbia siku hiyohiyo, kwa sababu mwaka niliouchimbia Julai nilikitoboa nao kiazi katikati. Na simwagilii dalia mpaka majani yatokeze, hata roho ikiniuma vipi, maana kiazi kisicho na mizizi hakinywi, kinaoza tu. Gladioli napanda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili mpaka mwisho wa Juni, zisichanue zote kwa mpigo.

Magimbi yalikuja baadaye, na kwa bahati. Ilikuwa Aprili 2021, nimeingia duka la bustani kununua mboji. Kwenye rafu ya matunguu nikaona pakiti yenye picha ya majani makubwa yaliyoning'inia, na maneno yaliyosema hayo ni "masikio ya tembo". Nikaigeuza. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kahawia, chenye pete za nyuzi na kichwa cha waridi. Nilisimama pale nikakitazama. Nilikuwa nakijua kile kitu tangu sijaota meno. Bei yake ingenunua debe la magimbi soko la Lushoto na chenji ingebaki.

Nikatoka nje nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi, kuna nini?"

"Hamna kitu. Mama, huku wanauza magimbi dukani. Kama maua."

Kimya. "Kama maua vipi?"

"Wanapanda wayaangalie majani."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hawali."

Alicheka mpaka nikamsikia anamwita mdogo wangu aje asikie. Nilinunua mawili.

Kwa kuyajua kwangu yote, sikujua kuyahifadhi. Kwetu nani ahifadhi gimbi? Nilianza kwa kuyatia kwenye baridi ya dalia, moja likaoza kabla ya Krismasi. Lile lililobaki nikalipeleka chini ya ngazi na kanna, kisha karibu na hita, na hapo likatulia. Kwenye baridi ya dalia halilali, linakufa. Machi nalitia kwenye chungu ndani ya nyumba, kwenye dirisha la kusini, maana linahitaji mwanzo mrefu. Kwetu gimbi linachukua miezi saba au zaidi kukomaa, na huku kati ya sakitu ya mwisho na ya kwanza napata kama mitano. Kwa hiyo majani ni makubwa, mtoto anaweza kujikinga mvua, lakini chini kuna viazi vya ukubwa wa yai la kuku.

Yale ya dukani sikuthubutu kuyala. Yamekuzwa kwa ajili ya majani, huenda yamepakwa dawa, na gimbi hata la nyumbani ukiliivisha nusunusu litakuwasha koo. Ila mwaka 2022 nikanunua magimbi ya kula kwenye duka la vyakula vya Waafrika, nikachagua yenye kichwa kizima, nikayapanda mstari mmoja nyuma ya dalia, pale maji ya bomba la paa yanapoishia. Oktoba nikachimba. Yalitoka ishirini na tatu, madogomadogo. Matano nikayachemsha mpaka yakalegea kabisa, nikayaunga kwa tui la nazi na chumvi. Mume wangu alikula akiwa amefumba macho. Mzee wa ng'ambo ya barabara nilimpelekea kibakuli. Alinyamaza kama kawaida yake, akaonja, akanyamaza tena, kisha akauliza kama na dalia zinapikwa hivyo.

Kumi na nane nikayakausha, nikayafukia kwenye maranda, nikaandika juu ya boksi MAGIMBI, kwa herufi kubwa, maana watoto wanapenda kusogeza vitu. Jioni mama akapiga.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Kwa nazi."

"Na mengine umeyaacha shambani?"

"Yako chini ya nyumba, kwenye boksi. Karibu na hita."

"Gimbi," akasema taratibu, kama mtu anayeonja neno geni. "Kwenye boksi. Linaota moto."

"Ndiyo mama."

"Hebu nionyeshe."

Nikawasha kamera ya simu, nikaanza kushuka ngazi.